Barua ya wazi: Vidonda tulivyonavyo chini ya barakoa

Kwa: Waheshimiwa wenye dhamana ya huduma za afya na watumishi wa umma, Unguja na Pemba

YAH: MAJERAHA YA NGOZI WANAYOPATA WAUGUZI KUTOKANA NA VIFAA VYA KUJIKINGA

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi. Huu ni mwaka wangu wa 19 kazini, na miaka yote hiyo nimeitumikia Pemba: wodi ya wazazi, wodi ya watoto, kambi ya kipindupindu, wodi ya kujitenga. Jina la hospitali yangu silitaji, wala la kiongozi yeyote, maana sitaki jambo hili ligeuzwe ugomvi wa mtu na mtu. Nililolileta ni la wengi.

Sikuanzia hadharani. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkuu wangu mwaka 2021, nikaambiwa kwa mdomo kuwa imepokelewa. Ya pili niliipeleka mwaka uliofuata ikiwa na saini za wenzangu 14, na hadi leo haijajibiwa. Mara ya tatu nilisimama katika kikao cha watumishi nikalisema mbele ya wote. Aliyekuwa akiongoza kikao akaniuliza kama sisi wauguzi tumeajiriwa kutibu watu au kutunza nyuso zetu. Ukumbi ukacheka. Pembeni yangu alikaa msichana aliyetoka chuoni mwaka mmoja tu nyuma, ana baka jeusi juu ya pua. Yeye hakucheka. Aliuvuta mtandio wake akajifunika hadi machoni.

Siku ile ndipo niliponuia kuandika barua hii. Naomba muisome mpaka mwisho.

1. Uso

Ramadhani ya 2020 ilinikuta wodi ya kujitenga. Kwa karatasi zamu ilikuwa ya muda wa saa 8, lakini mara nyingi ilifika saa 10, kwa sababu wa kukupokea hajafika, au amefika na gauni la kumvalisha halipo. Ukishavaa huvui. Hunywi maji, huendi msalani, hujifuti jasho. Gauni likivuliwa limekwisha, na stoo hakuna la pili. Fukuto la Pemba mnalijua. Ndani ya plastiki jasho linaanza kichwani na kuishia kwenye buti.

Siku ya tatu, waya wa barakoa ya N95, ile ya kubana inayochuja hewa, uliniachia alama juu ya pua. Siku ya sita ile alama ikawa lengelenge. Siku ya tisa, nilipoivua barakoa karibu na Magharibi, ilitoka na ngozi. Nikaenda kutawadha. Maji yalipogusa pale, nilishika ukuta.

Kilichonipata mimi tunafundishwa kukizuia kwa wengine tangu chuoni. Mgonjwa asiyejiweza ageuzwe kila saa 2, la sivyo ngozi itabanwa kati ya mfupa na godoro, damu haitapita, na kidonda cha kulalia kitafunguka. Waya wa barakoa juu ya mfupa wa pua unafanya vilevile, tena mahali pasipo na nyama ya kupokea uzito. Juu ya hapo kuna jasho linaloilainisha ngozi, na barakoa inayosugua kila unapofumbua mdomo. Mgonjwa wangu ninamgeuza hata usiku wa manane. Mimi hakuna aliyewahi kuniambia: dada, toka nje dakika 5, ivue, upumzishe uso.

Nyuma ya masikio kuna habari yake. Barakoa za kawaida zina mipira ya kutia masikioni, na wengi wetu tunavaa mtandio. Mpira ukipita chini ya mtandio unabanwa zamu nzima, na sikio linachubuka kwa nyuma. Ukiupitisha juu ya mtandio na kuukaza kwa pini, barakoa inalegea na hewa inapita pembeni. Fundi cherehani mmoja wa Chake Chake aliwashonea wenzangu kijimkanda chenye vifungo viwili, mpira ukashika kisogoni badala ya sikioni. Kazi ya dakika chache kwa fundi, na vidonda vya masikio vikapona. Kila mmoja alijilipia mwenyewe.

Jambo jingine, na hapa nawaomba hasa wakaguzi wanaotutembelea wasikilize. Vitabu vingi tulivyosomea vinasema dalili ya kwanza ya ngozi iliyogandamizwa ni wekundu. Ngozi yetu haigeuki nyekundu waziwazi. Inakuwa nyeusi zaidi, au ya zambarau, inapata joto, inakuwa ngumu au laini kuliko sehemu ya jirani, na mwenyewe anasikia maumivu. Mkaguzi mmoja aliniangalia uso, akaandika kuwa haoni tatizo. Wiki mbili baadaye palikuwa na kidonda. Kidonda kikipona, baka linabaki kwa miezi, na kwa baadhi yetu kovu linavimba na kukakamaa. Binti ambaye hajaolewa analia kwa ajili ya baka lile, na mimi sioni aibu kulisema kwenu. Uso wake ni wake, na ameuharibia kazini.

Wala si sisi peke yetu. Februari 2020 watafiti nchini China waliwauliza watumishi wa afya 4,308 katika hospitali 161, na asilimia 42.8 walikuwa na majeraha ya ngozi yaliyotokana na vifaa vya kujikinga: vidonda vya mgandamizo, ngozi iliyoharibiwa na unyevu, na michubuko ya kuchanika. Waliotoka jasho jingi na waliovaa kwa muda mrefu ndio walioumia zaidi. Singapore nayo, baada ya ugonjwa wa mapafu wa SARS wa 2003, watumishi waliozoea kuvaa N95 walieleza chunusi, mwasho na vipele. Kwa hiyo, tangu miaka hiyo inajulikana. Basi fikirini jasho ndilo linalozidisha madhara, kisha fikirini wodi zetu wakati wa kaskazi, umeme umekatika.

2. Mikono

Uso ulizungumzwa kidogo wakati wa korona. Mikono haizungumzwi, na ndiyo inayoumia kila siku ya Mungu, iwe kuna mlipuko au hakuna.

Mwenzangu wa wodi ya wazazi ana mikono iliyopasuka kama udongo wa kiangazi. Nyumbani hakamui ndimu wala hakati pilipili. Kazi hizo anafanya mwanawe wa skuli ya msingi. Alipoanza, tulidhani ni sabuni ya kufulia. Kumbe ni glavu. Zile tunazoletewa mara nyingi ni za mpira wa asili na zina poda ndani. Mpira huo una protini ambazo baadhi ya miili huzikataa, na poda inazibeba hadi kwenye ngozi na hata kwenye pumzi. Marekani ilizipiga marufuku glavu za poda mahospitalini tangu Januari 2017. Sisi mwenye kuwashwa anaambiwa abadilishe sabuni.

Pia tunaelekezwa vibaya. Kwenye wodi nyingi nilizopita, agizo ni kunawa kwa sabuni kisha hapo hapo kupaka kitakasa mikono, kila mara, kila mgonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unakataza kuvichanganya hivyo, kwa sababu ngozi inakauka na kuwaka. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, sabuni na maji. Isipokuwa na uchafu, kitakasa peke yake kinatosha. Na kitakasa chenyewe, kwa fomula ya Shirika hilo, kina gliserini asilimia 1.45, iliyowekwa makusudi kulinda mikono ya mtumiaji. Kuna vipindi tuliletewa kitakasa kilichounguza kama spiriti tupu. Naomba kipimwe kabla ya kugawiwa.

Kisha kuna haraka. Wagonjwa wanasubiri, unavaa glavu mikono haijakauka, maji yanabaki ndani saa nzima, ngozi inalowa na kuvimba kama ya mtu aliyefua kutwa. Hapo hata glavu nzuri haikusaidii.

3. Miguu na mwili

Hili nitalipita upesi. Waliokuwa kwenye kambi za kipindupindu cha 2015 na 2016 wanayakumbuka mabuti ya mpira, maji ya klorini mlangoni, fangasi katikati ya vidole. Mgongo na kifua vilijaa harara. Buti moja lilivaliwa na watu watatu kwa zamu tatu, halipati hata nafasi ya kukauka. Soksi za pamba za kubadilisha na jozi za buti za kutosha zingemaliza sehemu kubwa ya mateso hayo.

4. Kidonda ni mlango

Waheshimiwa, kama mengine yote mtayaona ni malalamiko ya wanawake, basi hili naomba mlipime kwa akili zenu zote.

Ngozi isiyo na jeraha ndiyo kinga ya kwanza ya muuguzi, kabla ya glavu na kabla ya barakoa. Ikipasuka, vijidudu vinapata pa kuingilia na pa kukaa. Mkono wenye nyufa hautakasiki vizuri. Bakteria wa usaha hujificha humo na kutoka na mhudumu hadi kwa mzazi aliyefanyiwa upasuaji au kwa mtoto njiti. Na mwenye nyufa akipaka kitakasa anachomeka kama aliyetiwa chumvi, hivyo anaanza kukiruka. Hakusudii ubaya. Anaumwa. Vivyo hivyo kwa uso: barakoa inayouma huvutwa chini kidogo, husogezwa, hushikwashikwa kwa mkono uliotoka kumgusa mgonjwa. Barakoa ya N95 huchuja chembe kwa asilimia 95 na zaidi, lakini ikiachia pembeni, hewa haichujwi tena.

Mwaka jana mwenzangu wa wodi ya wazazi niliyemtaja alimwagikiwa damu mikononi wakati wa kuzalisha. Glavu ilikuwa imepasuka. Alikwenda kuomba apimwe na apewe dawa za kinga, ambazo lazima zianze ndani ya saa 72. Akaulizwa: umechomwa sindano? Hakuchomwa. Akaambiwa basi hakuna ajali, arudi wodini. Mtu mwenye mikono iliyopasuka, damu ya mgonjwa imeingia kwenye nyufa, akarudishwa wodini. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini B haviulizi kama ngozi imetobolewa na sindano au imepasuliwa na sabuni. Siku ya pili tulikwenda naye pamoja, tukagonga mlango mwingine, akapewa. Asingekuwa na mtu wa kumsindikiza, ingekuwaje?

5. Hakiandikwi popote

Wodi ina kitabu cha ajali kazini. Kina safu ya sindano, safu ya kuanguka, safu ya kupigwa na mgonjwa au jamaa zake. Ngozi haina safu. Mwisho wa mwezi ripoti inapanda juu ikiwa na sifuri, na sifuri hiyo ndiyo mnayoiona mezani kwenu. Chuoni tuliambiwa kila siku: kisichoandikwa hakikufanyika. Kwa hiyo kwenu vidonda vyetu havikutokea, na siwalaumu kwa kutojua kabla ya leo.

Najua baadhi ya majibu yatakayotolewa, kwa sababu nimeshayasikia.

Litasemwa kuwa korona imekwisha. Ni kweli, Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Lakini mwezi Machi mwaka huo huo homa kali ya virusi vya Marburg ilizuka Kagera, na Januari 2025 ikazuka tena huko huko. Kagera ni mbali na Pemba, ila watu husafiri na meli hufunga bandarini. Siku ugonjwa wa namna hiyo ukishuka bandari ya Mkoani au ya Wete, wa kwanza kuvaa gauni ni sisi, na saa hiyo hakutakuwa na muda wa kuanza kujifunza namna ya kulinda ngozi. Halafu glavu hazikungoja korona. Zinavaliwa leo, na kifua kikuu kipo leo.

Litasemwa kuwa wauguzi hawavai ipasavyo. Nakubali, kuna makosa yetu. Wapo wanaovaa glavu mbilimbili pasipo haja, wapo wanaozivaa hata kuandika faili. Wapo wanaojipaka mafuta ya nazi au mafuta ya mgando kabla ya kuvaa glavu za mpira, hawajui kuwa mafuta yanaudhoofisha mpira ukapasuka haraka. Nami nilifanya hivyo miaka mingi. Lakini nani alitufundisha vinginevyo? Wodini kwetu mafunzo ya mwisho ya kuvaa na kuvua yalikuwa ya mchana mmoja mwaka 2020, na neno ngozi halikutajwa.

Litasemwa bajeti haitoshi. Sikuomba mashine. Krimu ya maji ya kulainisha mikono, kijimkanda cha fundi, bandeji nyembamba ya kuweka juu ya pua, ratiba ya mapumziko iliyobandikwa ukutani. Vingine ni kubadilisha neno moja tu kwenye karatasi ya manunuzi, glavu ziandikwe zisizo na poda. Na muuguzi anayekaa nyumbani wiki mbili kwa mikono iliyooza analipwa mshahara wake vilevile, huku wodi ikipungukiwa na mtu.

Na litasemwa kazi hii ni wito. Ndiyo, ni wito, na tumeuitika. Tulibaki wodini wakati watu walikuwa wakituogopa hata kwenye daladala. Wito haumwondolei mwajiri wajibu wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Namba 8 ya 2005, haikuandikwa kwa ajili ya viwanda tu. Na Juni 2022, Mkutano wa Kazi wa Kimataifa wa Shirika la Kazi Duniani uliokaa Geneva uliweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Mkataba wa Shirika hilo Namba 155 wa 1981, ambao ni sehemu ya haki hiyo, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Sisi tunajinunulia krimu, tunajinunulia bandeji, tunamlipa fundi.

Tunachoomba ni hiki.

Kwanza kabisa, kitabu cha ajali katika kila hospitali na kituo cha afya, Unguja na Pemba, kiongezwe safu ya majeraha ya ngozi, na ripoti ya mwezi iyahesabu. Hili halina gharama yoyote na linaweza kuanza wiki hii. Bila hili mengine yote hayatapata mguu wa kusimamia.

Pili, damu au majimaji ya mgonjwa yakigusa ngozi iliyopasuka, yahesabiwe kuwa ajali, na mtumishi apimwe na kupewa kinga mara moja bila kuulizwa habari ya sindano. Chanjo ya homa ya ini B, dozi zote 3, ihakikishwe kwa kila anayegusa wagonjwa, wakiwemo wasafishaji na wafuaji, ambao nao wanateseka na klorini kuliko hata sisi.

Tatu, yeyote anayevaa barakoa ya kubana apewe nafasi ya kuivua mahali salama kila baada ya saa 2 hadi 4, angalau dakika 5, na zamu zipangwe kwa kuzingatia hilo. Mwezi wa Ramadhani uangaliwe kwa namna yake.

Nne, manunuzi: glavu zisizo na poda, na akiba ya zisizo za mpira wa asili kwa wenye mzio, barakoa za saizi zaidi ya moja, vijimkanda vya kisogoni kwa wanaovaa mtandio, krimu isiyo na mafuta ya kuharibu glavu, iwekwe kila penye beseni la kunawia. Bandeji za puani zikitolewa, mtumishi afundishwe kuikagua tena barakoa kama imeshika vizuri, maana bandeji nene nayo inaiachia hewa ipite pembeni ya barakoa.

Tano, awepo daktari au muuguzi wa ngozi atakayefika Pemba kwa ratiba inayojulikana kuwaona watumishi. Kumpandisha meli hadi Unguja mtu mwenye vidonda vya mikono, kwa nauli yake, ndiyo sababu wengi wanaishia kwenye liwa na mwarobaini.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Nipo tayari kuitwa mahali popote nieleze, na wenzangu 14 wako tayari pia.

Wakati tukisubiri, nimechukua rula na kalamu nikachora safu ya ngozi kwenye kitabu cha wodi yetu. Sikuomba ruhusa, na kama ni kosa, ni langu peke yangu. Hadi leo asubuhi wameandikwa watu 9. Jina la juu kabisa ni langu. La tisa, lililoandikwa jana kwa mwandiko mdogo, ni la yule binti aliyejifunika mtandio.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi wa wodi,
Pemba